Je, wajua? Fataki iliyong'olewa kwenye risasi isiyopigwa bado ni hai

Hapa simaanishi fataki za mkesha wa mwaka mpya, wala yule fataki wa matangazo ya redio ya Tanzania, mtu mzima anayewarubuni wanafunzi. Namaanisha kile kikombe kidogo cha shaba kilichopachikwa katikati ya kitako cha risasi. Ukivuta kifyatulio, pini inakigonga, kinatoa moto, moto unapenya tundu dogo na kuwasha baruti, na baruti ndiyo inayokisukuma kichwa cha risasi kipite mtutuni. Wazee wa pwani waliziita bunduki kwa jinsi zinavyowashwa: bunduki ya mrao, yaani ya utambi, bunduki ya gumegume, yaani ya jiwe, na bunduki ya fataki.

Swali letu linatoka Marekani, ambako watu wengi hujitengenezea risasi nyumbani. Mtu akitoka kulenga shabaha huokota maganda matupu ya risasi alizopiga, huyasafisha, huyarudisha kwenye umbo, kisha hutia fataki mpya, baruti na kichwa kipya. (Kwetu Afrika Mashariki usijaribu, risasi ni kitu cha leseni, na kujitengenezea bila kibali ni kesi.) Sasa tuseme fataki imeshaingia, halafu mtu anageuza ganda kwenye mwanga na kuona shingo yake ina ufa mwembamba kama unywele. Ganda hilo ni la kutupa. Lakini fataki ni mpya kabisa, haijaguswa na pini. Je, aing'oe aitumie kwingine?

Wakati wa janga la korona swali hilo lilikuwa na pesa ndani yake, maana fataki ziliadimika madukani Marekani na bei ikaruka. Jibu la watu wa kazi hiyo ni kwamba ndiyo, mara nyingi inawezekana. Kinachonishangaza mimi ni kitu kingine: kwa nini hailipuki wakati inang'olewa?

Iangalie kwa karibu. Fataki ndogo ina upana wa milimita 4.45, kubwa 5.33, zote zingeweza kupotea kwenye mstari wa kiganja. Ukiipindua, utaona kichuma chenye miguu miwili au mitatu kimejibana mdomoni mwa kikombe. Hicho ni fuawe, na kazi yake ni ileile ya fuawe ya mhunzi. Nyuma yake, chini kabisa ya kikombe, kuna tonge jembamba la kemikali lenye uzito wa miligramu makumi machache tu. Pini inapogonga kutoka nje, kikombe kinabonyea na tonge linasagwa juu ya fuawe, kama karanga kati ya mchi na kinu. Chembe zake zinasuguana, panazuka vijisehemu vya joto kali, na tonge zima linashika moto.

Anayeing'oa fataki anapitisha kijiti cha chuma ndani ya ganda, kupitia lile tundu la moto, na kuisukuma itoke nje. Kijiti hicho kinakutana na nini kwanza? Fuawe. Kwa hiyo anaisukuma fuawe kuelekea kwenye tonge, jambo linalofanana mno na kupiga risasi, ila limeanzia upande wa pili.

Kinachomwokoa ni mwendo. Chukua njiti ya kiberiti, ibandike kichwa chake kwenye ubavu wa kisanduku, ubonyeze taratibu kwa kidole. Utaivunja kabla haijawaka. Iburute kwa ghafla, inawaka mara moja. Joto linahitaji kuzaliwa haraka kuliko linavyotawanyika. Mkono wa mashine inayokisukuma kijiti ukishuka polepole, fataki inateleza na kutoka mfukoni mwake, na tonge halipati ule mshtuko. Akikwama akavuta kwa kishindo, au akatafuta nyundo, hapo habari ni nyingine. Na maganda ya kijeshi ni mabaya zaidi, kwa sababu kiwandani ukingo wa ganda hufinywa ili fataki isichomoke, kwa hiyo kuitoa kunataka nguvu nyingi. Fataki hai iliyofinywa namna hiyo, mimi ningeiacha mahali ilipo.

Kuna pia mambo ya kuzaliwa kwa vitu hivi. Mwaka 1866 watu wawili walipata hati miliki za fataki, kila mmoja kwa mtindo wake: Hiram Berdan wa Marekani, na Edward Boxer, afisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa Woolwich. Boxer aliweka fuawe ndani ya fataki yenyewe na tundu moja katikati ya ganda. Berdan aliifanya fuawe kuwa sehemu ya ganda, na matundu mawili pembeni. Ajabu ni kwamba Wamarekani wakakumbatia fataki ya Mwingereza, na nchi nyingi za Ulaya zikaenda na ya Mmarekani. Ndiyo maana kujaza upya risasi kulistawi Marekani: tundu likiwa katikati, kijiti kinapita. Risasi nyingi za AK-47 zilizotoka Urusi zina fataki za Berdan. Ukipitisha kijiti humo, kinagonga fuawe na kupinda.

Lakini aliyeanzisha yote haya alikuwa mchungaji wa kanisa. Alexander Forsyth, wa Belhelvie karibu na Aberdeen kule Scotland, alipenda kuwinda ndege. Bunduki za gumegume zilimwudhi: jiwe linatoa cheche, baruti ya nje inameremeta, ndege anaona mwanga na kuruka kabla risasi haijatoka. Akatafuta kemikali inayowaka kwa kugongwa, na mwaka 1807 akapata hati miliki. Ulaya ilijua thamani ya tofauti kati ya gumegume na fataki. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipobana uingizaji wa silaha sehemu kubwa ya Afrika, uliacha mwanya kwa gumegume zisizo na mifereji mtutuni, huku bunduki za kisasa na risasi zake zikifungiwa.

Fataki za zamani zilitumia zebaki, ambayo iliyafanya maganda ya shaba kuwa mepesi kuvunjika, kisha zikaja chumvi zilizoacha mtutu ukila kutu. Za leo nyingi zina kemikali yenye madini ya risasi, yaani risasi ndani ya risasi. Kiwandani huchanganywa na kujazwa zikiwa mbichi, kwa sababu zikikauka ndipo zinapokuwa na hasira.

Hapo ndipo watu wengine hujidanganya. Wanadhani ukiitia fataki matone ya mafuta umeiua. Nyingi zimepakwa vanishi au zina karatasi juu ya tonge, mafuta hayapenyi. Na nyingine zikikauka zinafufuka. Hata kuzikusanya nyingi kwenye kichupa kimoja ni kosa, kwa sababu moja ikilipuka huziamsha jirani zake, ndiyo sababu dukani kila moja hukaa kwenye kijishimo chake.

Na ile iliyotoka salama si lazima iwe sawa na mpya. Fuawe inaweza kuwa imesogea, tonge limepata ufa, kikombe kimelegea kidogo upana wake. Iliyopinda haina mjadala. Nzima huwekwa pembeni, hutiwa kwenye risasi za mazoezi tu, kamwe si za kuwindia nguruwe mwitu mwenye meno marefu. Siku mtu akilenga kopo kwa risasi kama hiyo, pini inagonga, inasikika klik, kimya. Hapo hafungui bunduki. Anaacha mtutu uelekee kwenye shabaha na kuhesabu nusu dakika nzima, maana kuna tonge linaloshika moto kwa kuchelewa.