Wazimu na sakramenti katika teolojia ya Zama za Kati

Mwendawazimu anaweza kubatizwa? Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alilichukua swali hilo kwa uzito katika Summa Theologiae, kitabu chake kikuu cha teolojia, aliyoiandika kati ya 1265 na 1273. Kwake, wazimu ni kukosa matumizi ya akili kwa sababu ya kizuizi katika kiungo cha mwili. Roho yenyewe haijapungua kitu. Kwa hiyo mwenye kichaa hawezi kulinganishwa na mnyama, na mlango wa ubatizo hauwezi kufungwa kwake hivi hivi.

Aliyezaliwa katika hali hiyo, asiye na kipindi chochote cha kutulia, hubatizwa kama mtoto mchanga, kwa imani ya Kanisa. Aliyerukwa na akili baadaye huulizwa jambo moja: alipokuwa mzima, alitaka nini? Kama aliutamani ubatizo, apewe, hata kama sasa anaukataa. Kama hakuonyesha kuutaka akiwa timamu, asibatizwe. Hapa ndipo napaona pazito kuliko pote: utashi wa mtu aliyekuwa na akili zake unaendelea kumsemea hata baada ya akili kumwacha. Thoma anamkumbuka rafiki wa Augustino, mwalimu mkuu wa Kanisa la kale, kule Thagaste, mji wa Afrika ya Kaskazini, aliyebatizwa akiwa hajitambui kwa homa. Alipozinduka, Augustino alijaribu kuufanyia mzaha ubatizo ule; rafiki yake akamkemea vikali.

Ekaristi ilifuata mkondo huohuo. Ambaye hakuwahi kuwa na akili hakupewa. Aliyeonyesha ibada akiwa mzima alipewa saa ya kufa, ilmradi hakuna hofu ya kuitapika au kuitema. Ndoa ilihitaji ridhaa, na ridhaa haipatikani kichaa kikiwa kimepanda.

Kuhusu dhambi, kanuni ni ileile: pasipo utashi hakuna kosa la kimaadili. Sheria iliyotoka katika Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Vienne (1311–1312), chini ya Papa Klementi V, ilitamka kwamba mwendawazimu akimlemaza au kumuua mtu, tendo hilo halimwekei kizuizi cha daraja takatifu, yaani ngazi za kikasisi kama upadre. Ikamweka pamoja na mtoto mchanga na mtu aliyelala. Mlevi hakupata unafuu wa namna hiyo kirahisi. Akili yake nayo imezimwa, lakini Thoma anauliza kwanza kama kikombe alikishika kwa hiari yake.