Je, wajua kwa nini skopu ya bunduki haihesabu sentimita? MIL au MOA, uchukue ipi

Mjomba wangu anakaa Magu, ana bunduki ya leseni na kila msimu akipata kibali anaenda kuwinda. Mwezi uliopita kaja Mwanza na skopu yake kaifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga, namwambia shikamoo mjomba, anaitikia marahaba huku anaifungua mezani, "mwanangu hiki kitu kinanidanganya".

Skopu ni ile darubini ya juu ya bunduki. Ina nobu mbili, ya juu ya kupandisha na kushusha, ya pembeni ya kulia na kushoto, ukizungusha inalia tik tik na kila tik ni kliki moja. Yeye kwenye uwanja wa shabaha alipiga karatasi mita 200, akaona kwenye vialama vya msalaba wa ndani kwamba risasi imepita chini alama moja na nusu, akajua ni mil 1.5 (mil ni kipimo, nitakieleza mbele), basi akazungusha kliki 15 kama alivyofundishwa. Akapiga tena, bado chini, kama sentimita 8 hivi. Akadhani ni mkono unatetemeka.

Mkono wala hauna shida. Ila kabla sijasema shida iko wapi lazima tuelewane kwanza kliki inapima nini, maana wengi wanadhani kliki ni sentimita fulani na hapo ndipo wanapopotelea.

Nenda pale feri ya Kamanga inapopakia, nyoosha mkono, fumba jicho moja, weka kidole gumba mbele. Feri ikiwa imepaki karibu kidole kinaziba mlango tu. Ikishaondoka ikafika mbali majini kidole kilekile kinaziba feri nzima na watu wake na magari yake. Kidole hakijaongezeka, kinachokuwa sawa siku zote ni pembe kutoka kwenye jicho lako, na pembe kadiri unavyoenda mbali inafunguka inameza kitu kikubwa zaidi. Ndo maana watengenezaji wanahesabu pembe, skopu haijui mnyama yuko mita ngapi, ukiipa sentimita itakuwa sahihi umbali mmoja tu halafu kwingine kote uongo.

Sasa hiyo pembe ina vipimo viwili. MOA ni dakika ya nyuzi, yani unachukua nyuzi 1 unaigawa mara 60, kwahiyo duara zima lina MOA 21,600. Kwa mita 100 MOA moja ni sentimita 2.9, na skopu nyingi za hivyo kliki moja ni robo ya MOA. MIL ni sehemu moja ya elfu ya umbali wenyewe, mita 1000 inakupa mita 1, mita 100 inakupa sentimita 10, na kliki yake mara nyingi ni sehemu moja ya kumi ya mil, yani sentimita 1 kwa mita 100. Kwanini MOA wengi wanaipenda Marekani? Kwasababu kwa yadi 100 inakaribia sana inchi moja, 1.047, kwahiyo mtu aliyekua na yadi na inchi kichwani inamkaa vizuri tu.

Watu wanasema MIL ni sahihi zaidi, hapana. Kliki ya robo MOA ni kama milimita 7 kwa mita 100, ya MIL ni milimita 10, kwahiyo ukitaka kusogeza kidogokidogo MOA ndo laini zaidi. Ila kwa swala au nyamera tofauti ya milimita 3 haina maana, wewe mwenyewe ukipumua bunduki inahama zaidi ya hapo.

Kinachoniuma mimi ni hesabu ukiwa porini umelala kifudifudi na jasho linaingia machoni. Tuseme jedwali lako la kushuka kwa risasi linasema kwa mita 300 risasi inashuka sentimita 60. Kwa MIL, mil moja pale ni sentimita 30, kwahiyo mil 2, kliki 20, umemaliza na hujatoa simu. Kwa MOA inabidi ugawe 60 kwa 8.7 (2.9 mara 3), upate 6.9 hivi, uzidishe kwa 4, kliki 27 na kitu. Hata kukisia umbali, mlango wa mita 2 ukiuona umejaa mil 5 basi 2 mara 1000 gawa kwa 5, uko mita 400 (mazoezi haya fanya skopu ikiwa imetolewa kwenye bunduki, usielekeze mtutu kwenye nyumba ya mtu). Sisi tumelelewa na mita tangu darasa la kwanza, kwahiyo kwangu mtu wa huku achukue MIL. Kama tayari unayo MOA na umeizoea baki nayo, mnyama hajui.

Turudi kwa mjomba. Skopu ilikuwa mtumba, nikageuza ile nobu kwenye mwanga wa dirisha nikasoma maandishi yaliyofutikafutika, kliki moja robo MOA. Lakini msalaba wa ndani ni wa mil! Vipo vya hivyo, vilitengenezwa vingi tu. Mil moja ni MOA 3.44, kwahiyo alitakiwa kliki 21 sio 15, ndo zile sentimita 8 zilizobaki chini. Kaduka alikonunua hawakumwambia. Kwahiyo kabla hujauliza MIL au MOA uliza kwanza, nobu na msalaba vinaongea lugha moja? Na cheki pia kama alama za msalaba zinakua ukivuta karibu, maana zile zisizokua zinapima kweli kwenye ukuzaji mmoja tu.

Kingine, ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi, risasi haishuki sana kama linavyosema jedwali lililopigwa kwa hesabu za pwani. Ukienda mbali utaiona tofauti, kwahiyo jedwali tengeneza la kwako.

Mjomba amepata nyingine, MIL kwa MIL. Tukaipima: mita 100, karatasi ndefu yenye mstari wa wima wa mita moja, unapiga chini, unazungusha kliki 100, unalenga palepale chini unapiga tena. Risasi inatakiwa ipande mita moja kamili. Ya kwake ilipanda sentimita 98, tukarudia, 98 tena, akaandika hiyo 98 kwa kalamu ya wino akaibandika ndani ya mfuniko wa kasha.