Je, wajua kwa nini orodha yako ya filamu bora hupinduka ukirudia mfululizo mzima?

Mpe shabiki yeyote wa filamu za mashujaa karatasi, apange mfululizo anaoupenda kuanzia bora hadi mbovu. Kisha aurudie wote na apange tena. Filamu ya juu kabisa na ya chini kabisa mara nyingi hazisogei. Vurugu huwa katikati: iliyokuwa ya tano inaporomoka hadi ya tisa, ya kumi inapanda hadi ya sita, na mwenye orodha anabaki akijiuliza kama ladha yake imeharibika.

Ladha ni ile ile. Orodha ya kwanza ilipangwa na kumbukumbu, ya pili imepangwa na macho, na hivyo viwili havitumii mizani moja.

Tuchukue X-Men kama mfano, yaani filamu za mashujaa waitwao mutanti, waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida. Mfululizo huu unafaa kwa kazi hii kuliko mwingi: una filamu 13 za studio ya Fox, kuanzia X-Men ya 2000 hadi The New Mutants ya 2020, umepitia mikono ya waongozaji wengi, na ubora wake unapanda na kushuka kwa kiwango cha kutisha. Tena umefungwa. Disney iliinunua Fox mwezi Machi 2019, na kilichotoka baadaye kilikuwa kimeshapigwa picha tayari. Zote kwa pamoja zinachukua takriban saa 26.

Mwaka 1993 wanasaikolojia Barbara Fredrickson na Daniel Kahneman waliwaonyesha watu vipande vifupi vya filamu, vingine vya kupendeza na vingine vya kuudhi, vyenye urefu tofauti. Watazamaji walionyesha hisia zao kipande kikiendelea, kisha wakatoa hukumu ya jumla kilipokwisha. Urefu ulichangia kidogo sana katika hukumu hiyo. Kilichobeba uzito ni kilele, yaani pale hisia zilipopanda zaidi, pamoja na namna kipande kilivyomalizika.

Sasa itazame X-Men: Apocalypse ya 2016 kwa jicho hilo. Ina dakika 144, ndefu kuliko zote 13. Ndani yake kuna tukio la Quicksilver, kijana mwenye kasi ya ajabu, kuwaokoa wanafunzi mmoja mmoja huku shule inalipuka, dunia nzima ikiwa imesimama na yeye peke yake anatembea. Baada ya miaka mitano, hilo ndilo mtu analolikumbuka, na kwa ajili yake anaipa filamu nafasi nzuri. Akiirudia, anakutana na zile dakika nyingine zote: adui anayehutubia, wafuasi wake wanne wanaosimama nyuma yake bila kazi ya maana, majengo yanayopeperuka. Isitoshe, kama ameanza mfululizo mwanzoni, ameshaona tukio la aina hiyo hiyo, la mhusika huyo huyo, kwenye jiko la Pentagon katika Days of Future Past. Lile la jikoni ni fupi zaidi na lina ucheshi zaidi. La pili linabaki kuwa mwangwi.

The Wolverine ya 2013 hupata dhuluma ya upande wa pili. Inamalizika kwa pambano na roboti kubwa la fedha linalofanana na samurai, na kwa kuwa mwisho unabeba uzito mkubwa, watu wengi walitoka ukumbini wakiihesabu kuwa ya hovyo. Irudie uone. Zaidi ya nusu yake ni hadithi tulivu ya mtu asiyekufa anayeanza kuumia kama wengine, imepigwa picha kwa subira, na pambano la juu ya paa la treni ya kasi ni la kufurahisha. Kwa maoni yetu ndiyo filamu inayopanda kuliko zote ukirudia, ingawa roboti linabaki roboti.

Kitu cha pili kinachovuruga orodha ni mshangao. Filamu inayotegemea kukushtua huuza bidhaa ambayo hununuliwa mara moja. Deadpool ya 2016 ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 58, fedha ndogo kwa aina hii ya filamu, na nguvu yake ilikuwa kwamba hakuna aliyezoea kumwona stelingi akigeukia kamera na kuwadhihaki waliomtengeneza. Ukishazoea, vichekesho vinapungua makali. Kinachoiokoa ni kwamba chini ya matusi kuna hadithi rahisi ya mapenzi iliyofungwa vizuri, ndani ya dakika 108 tu. Deadpool 2 ina vichekesho vingi zaidi na uti wa mgongo mwembamba zaidi, hivyo inashuka kwa kasi zaidi.

Lakini kujua mwisho hakudhuru filamu zote. Mwaka 2011 watafiti Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld walitoa utafiti ulioonyesha kwamba wasomaji wa hadithi fupi walizifurahia zaidi walipoambiwa mwisho mapema. Tafiti zilizofuata zilipata majibu yanayopingana, kwa hiyo usiichukue kama sheria. Ila kwa Logan ya 2017 jambo hilo linaonekana wazi. Mara ya kwanza, habari ya redioni kuhusu tukio la Westchester inapita kama maelezo ya ziada. Mara ya pili unajua nini kilitokea huko, unajua Charles, kiongozi mzee wa X-Men, hatafika mwisho wa safari, na kila anapofanya ubishi kuhusu dawa zake inauma. Filamu hii iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mswada bora wa filamu uliotokana na kazi nyingine, na ukiirudia unaelewa sababu: mazungumzo ya nusu ya kwanza yameandikwa kwa ajili ya mtu anayejua nusu ya pili.

Cha tatu ni jirani. Filamu haipimwi ikiwa peke yake. Inapimwa dhidi ya ile uliyoitazama kabla yake. X-Men ya 2000, iliyogharimu takriban dola milioni 75, ilifika ukumbini wakati filamu za mashujaa zilikuwa bado zinauguza aibu ya Batman & Robin ya 1997. Kuvaa ngozi nyeusi na kuzungumza kwa uzito kulionekana ni ukomavu. Ukiitazama leo siku moja na zile za baadaye, mapambano yake yanaonekana madogo na ya polepole. Vivyo hivyo, filamu ya kawaida ikitanguliwa na X-Men Origins: Wolverine itang'aa bila kustahili, maana Origins, pamoja na makucha yake ya kompyuta katika tukio la bafuni, humfanya yeyote anayefuata aonekane bingwa.

Kwa hiyo, ukitaka orodha itakayosimama hata mwakani, mpangilio wa kutazama ndio wa kuamua kwanza. Fuata mwaka wa kutoka, usifuate mwaka wa hadithi. Mpangilio wa hadithi unavutia machoni: First Class iko 1962, Days of Future Past inarudi 1973, Apocalypse iko 1983, Dark Phoenix 1992, na Logan 2029. Tatizo ni kwamba Days of Future Past inaanzia mwaka 2023 na mwisho wake unafuta yaliyotokea katika The Last Stand ya 2006. Pale Wolverine anapoamka na kuwakuta wenzake Jean na Scott wakiwa hai, furaha ile ina maana kwa mtu aliyewaona wakifa. Ukiitanguliza, umeua tukio bora la filamu, halafu utaipa alama ndogo kwa kosa lako.

Na migongano ya miaka? Ipo tele. Charles anapigwa risasi ya mgongo pwani ya Cuba mwaka 1962, lakini The Last Stand inafungua kwa kumwonyesha akitembea kwa miguu yake miaka mingi baadaye. Hata mabadiliko ya historia yanayofanywa 1973 katika Days of Future Past hayalifuti hilo, kwa kuwa risasi ilikuja miaka 11 kabla yake. Ushauri wetu ni kutoiadhibu filamu kwa kupingana na nyingine. Iadhibu ikijipinga yenyewe. Vinginevyo First Class, ambayo ni miongoni mwa nne bora, itaanguka kwa sababu zisizoihusu.

Halafu amua toleo. Days of Future Past ya ukumbini ina dakika 132. Ile iliyoongezwa ya 2015, iitwayo The Rogue Cut, ina 149. Logan ina toleo la nyeusi na nyeupe. Deadpool 2 ina toleo refu zaidi na jingine lililosafishwa matusi. Ukichanganya, unalinganisha filamu zilizohaririwa upya na zisizohaririwa. Tumia za ukumbini zote. Angalia urefu kabla ya kubonyeza, lakini usishtuke ukikuta DVD yenye dakika 100 badala ya 104. Filamu hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na DVD za nchi zenye mfumo wa televisheni wa fremu 25 huiharakisha kidogo, hivyo asilimia 4 ya muda hupotea bila tukio lolote kukatwa.

Usizidishe mbili kwa siku. Uchovu ni hatari zaidi hapa kwa sababu filamu dhaifu za X-Men zimejazana mwishoni: Dark Phoenix na The New Mutants zinakukuta umeshiba, na huwezi kutofautisha udhaifu wao na uchovu wako. Dawa yake ni kuziacha wiki moja, kisha kuzirudia hizo tu, kila moja peke yake. Dark Phoenix haitapona sana, lakini angalau utakuwa umeihukumu kwa haki.

Kila filamu ikiisha, andika mistari mitatu kabla ya kulala: tukio lililofanya kazi, dakika uliyoanza kuangalia saa, na nini kingepotea kama filamu hiyo isingekuwepo. Mstari wa pili ndio wenye thamani kubwa, kwa sababu unarekodi kile hasa ambacho kumbukumbu hukitupa. Usitoe alama za kumi. Ukiipa ya kwanza saba, ya pili ikawa bora ukaipa nane na nusu, kufikia Logan umebakiwa na nafasi ya kubanana, na saba ya siku ya kwanza si saba ya siku ya tisa.

Badala ya alama, linganisha mbili mbili. Kulinganisha kila jozi ya filamu 13 ni maswali 78, kazi ya kuchosha. Njia fupi ni kuingiza. Ukiwa na orodha iliyokwisha kupangwa, ilinganishe filamu mpya na ile ya katikati. Ikishinda, nenda katikati ya nusu ya juu. Ikishindwa, katikati ya nusu ya chini. Endelea hadi ipate mahali pake. Ya kumi na tatu itahitaji maswali yasiyozidi manne, na mfululizo wote hauzidi 37.

Swali liwe moja tu kila mara, kwa mfano: nikipewa usiku mmoja, nitatazama ipi? Ukibadilisha swali katikati ya njia utajikuta kwenye mduara: Logan inaishinda X2 (filamu ya pili ya mfululizo, ya 2003) kwa uigizaji, X2 inaishinda Deadpool kwa uzito wa hadithi, halafu Deadpool inaishinda Logan kwa burudani. Mduara ukitokea, rudia jozi zote tatu kwa swali lile lile, na kwa kawaida jozi moja itageuka.

Kwa kikundi, hata hivyo, mduara unaweza kutokea bila mtu yeyote kukosea. Watu watatu wakipanga Logan–X2–Deadpool, X2–Deadpool–Logan, na Deadpool–Logan–X2, wawili kati ya watatu wataunga mkono kila upande wa mduara. Mwanahisabati Mfaransa Condorcet alilieleza tatizo hili mwaka 1785, akiwaza kura za watu. Njia ya Mfaransa mwenzake Borda, iliyotangulia kidogo, ndiyo rahisi kutumia: filamu ya kwanza kwenye orodha ya kila mtu ipate pointi 12, ya pili 11, hadi ya mwisho 0, kisha jumlisha. Kwa zile tatu peke yake itatoa sare, na sare iachwe hivyo. Kuivunja kwa nguvu ni kutunga tofauti isiyokuwepo. Jihadhari na mtu ambaye hajaitazama The New Mutants. Ukimhesabia sifuri, umeiadhibu filamu kwa kutojulikana. Ama aitazame, ni dakika 94 tu, ama muiondoe filamu hiyo kwenye orodha za wote na pointi za kwanza ziwe 11.

Zilizopita mizani hii kwetu bila kutikisika ni nne: Logan, X2, Days of Future Past na First Class. The Last Stand inapanda kidogo tu. Imebeba hadithi mbili, ya dawa ya kuondoa umutanti na ya Jean kugeuka Phoenix, ndani ya dakika 104, na kila moja ilihitaji filamu yake. Origins haipandi kwa njia yoyote. Deadpool & Wolverine ya 2024 ni ya Disney, na utani wake mwingi unadai uwe umeziona zilizotangulia; ukitaka kuiingiza, iache iwe ya kumi na nne. Bado itapata mahali pake kwa maswali manne.