Picha ile ya mafundi juu ya boriti si ya Empire State

Unaijua: mafundi 11 wameketi juu ya boriti ya chuma, miguu inaning'inia, New York iko chini kabisa, nao wanakula chakula cha mchana. Wengi huambiwa ni kumbukumbu ya ujenzi wa Empire State, jengo refu maarufu la New York. Sivyo. Jengo hilo lilifunguliwa Mei 1, 1931, na picha ilipigwa Septemba 20, 1932. Mnara uliokuwa ukijengwa pichani ni wa RCA (kampuni ya redio), katika Rockefeller Center, eneo la majengo marefu jijini humo, na walikuwa ghorofa ya 69.

Kosa la pili ni kudhani mpiga picha aliwafuma tu wakila. La, walipangwa. Ilikuwa njia ya kulitangaza jengo, na siku hiyohiyo wengine walipigwa picha wakiwa wamejinyoosha juu ya boriti kana kwamba wamelala. (Mimi pia niliamini ni ya ghafla, kwa miaka mingi.)

Lakini usikimbilie kusema ni uongo mtupu. Wanaume wale walikuwa mafundi chuma wa kweli, na hakuna hata mmoja anayeonekana amefungwa kamba ya usalama.