Melvin, sabuni mpya, na wale wanaoishi karibu na TOC

Ninapowafundisha vijana wa saikolojia hapa Goma kuhusu ugonjwa ambao sisi, kwa Kifaransa chetu, tunauita TOC (kwa Kiingereza OCD), yaani ugonjwa wa mawazo ya hofu yanayojirudia na vitendo ambavyo mtu hujiona analazimika kuvirudiarudia, huwa ninawaonyesha filamu ya Marekani ya mwaka 1997 iitwayo As Good as It Gets. Jack Nicholson anaigiza Melvin Udall, mwandishi wa riwaya za mapenzi anayeishi peke yake New York. Akiingia nyumbani hufunga na kufungua mlango huku akihesabu, kisha hunawa kwa maji ya moto na sabuni mpya, ambayo huitupa papo hapo na kuchukua nyingine.

Wanafunzi hucheka. Mimi huwaomba wawatazame walio karibu naye, maana ugonjwa huu haukai ndani ya mtu mmoja. Wazo linamjia mgonjwa bila kualikwa, linamtia hofu, kitendo kinaituliza kwa muda, na nafuu hiyo ndiyo inayoulisha ugonjwa, kwa kuwa inamfunza kwamba kilichomwokoa ni kile kitendo. Haupiti muda, na jamaa nao wanaanza kukishiriki.

Hapa Goma, mama mmoja niliyemhudumia (maelezo yake nimeyabadilisha) alizidiwa baada ya Ebola kufika mjini mwaka 2019, tuliponawa maji ya klorini kila mlangoni. Maji yenyewe watoto wake waliyabeba kutoka ziwani kwa bidoni za lita 20, na nyingine iliishia yote mikononi mwake. Kila jioni alimuuliza mumewe, «Baba, nimetakata?» naye akamjibu «Ndiyo, mama» mara kumi, mara ishirini, akiamini kwamba huo ndio upendo.

Katika filamu, anayebeba mzigo huo ni Carol, mhudumu wa mkahawa, kwa kuwa Melvin hakubali kuhudumiwa na mtu mwingine. Carol anapokosa kazini kwa sababu ya pumu ya mwanawe, Melvin anamgharimia mtoto daktari, na kwanza anafanya hivyo ili mhudumu wake arudi mezani. Hapo ndipo ninaposimamisha picha, kwa sababu wema huo umetoka ndani ya ugonjwa wenyewe, lakini umemfikisha mlangoni kwa watu ambao hawezi tena kuwapangia kila kitu.

Jambo moja ninalipinga kwa nguvu: matusi ya Melvin si dalili ya TOC. Wagonjwa wengi ninaowajua ni wapole, na hofu yao kubwa ni kumdhuru mtu.

Tena, mapenzi hayamponyi. Melvin anamwambia Carol kwamba, kwa ajili yake, ameanza kumeza vidonge anavyovichukia, na hapo filamu inasema kweli, kwani upendo ulimpa sababu ya kuvumilia tiba. Tiba nyingine, ambayo Victor Meyer aliieleza Uingereza mwaka 1966, humtaka mgonjwa akutane na anachokiogopa kisha ajizuie kufanya kile kitendo, mpaka hofu ishuke yenyewe. Ni kazi ngumu.

Yule baba tulimfundisha jibu jipya, kwa ridhaa ya mkewe: «Mama, swali hilo tulikubaliana nisilijibu. Nitakaa hapa na wewe.» Usiku wa kwanza mkewe alilia hadi saa sita. Wiki kadhaa baadaye, watoto waliniambia kwamba jioni moja yalibaki maji ya nusu bidoni.