Mtoto mchanga akitapika kijani, mbona daktari anakimbia hata kama alishatoa choo?

Je, wajua ukifika hospitali hapa Kisumu na mtoto wa siku tatu ametapika kijani kwa leso, daktari wa watoto ataanza kuulizia daktari wa upasuaji hata kabla hamjamaliza kuongea? Watu hushangaa, juu tumbo la mtoto ni laini na choo cheusi alitoa siku ile ile alizaliwa. Nyumbani ingesemwa ni gesi tu, ama chango, ama kuna mgeni alikuja na jicho.

Hiyo ya choo ndo hudanganya watu sana. Tunaona kama kimetoka basi njia iko wazi, lakini choo cheusi hakitokani na maziwa, kilitengenezwa miezi kabla azaliwe, kutokana na maji ya uzazi yenye alikuwa anameza, ute, seli zilizobanduka na nyongo. Kwa hivyo kiko huko chini tayari, na utumbo ukiziba juu leo asubuhi, kile kilichoshapita hapo kitatoka tu. Ni kweli choo cha kwanza kikichelewa kupita masaa 48 ni dalili mbaya, inaweza kuwa ugonjwa wa Hirschsprung, ambapo mwisho wa utumbo hauna seli za neva za kuusukuma. Lakini kutoka kwake hakuthibitishi kitu. Hata tumbo kutovimba si ushahidi, juu kizuizi kikiwa karibu na mwanzo wa utumbo, hewa haifiki huko chini kulivimbisha.

Rangi ndo inasema. Kijani hicho ni nyongo, na nyongo huingia utumbo chini kidogo ya mfuko wa chakula, kwa hivyo maziwa yakirudi na kijani, kama kuna kizuizi basi kiko chini ya hapo.

Kinachoogopwa zaidi ni utumbo kujisokota. Kwa wiki ya 6 hivi ya mimba utumbo hutoka ukaingia kwenye kitovu, karibu wiki ya 10 unarudi, na katika hiyo safari unazunguka nyuzi 270, kisha unashikizwa nyuma ya tumbo kwa mstari mrefu. Sasa anika shuka: vibanio viwili vikiwa mbali, upepo wa ziwa wa mchana utaipeperusha tu. Weka vyote viwili pamoja katikati na ule ule upepo utaizungusha hadi iwe kamba. Mtoto ambaye utumbo haukuzunguka sawasawa ana vibanio vimekaribiana, na hapo hapo kwa vibanio ndo mshipa mkuu wa damu ya utumbo unapita, kwa hivyo ukijisokota haufungi maziwa peke yake, unakata na damu, na utumbo bila damu hufa kwa masaa, si siku.

Si kila kijani ni hii. Maambukizi kwa damu yanaweza kuleta vivyo hivyo, na watoto wengine hupimwa wakapatikana hawana shida, ila huwezi jua kwa macho, lazima apigwe eksirei na dawa ya kuonyesha njia.

Operesheni ya utumbo uliojisokota, iliyoelezwa na daktari wa upasuaji William Ladd wa Boston mwaka 1936, ni ya kushangaza. Msokoto unafunguliwa kinyume cha saa, mahali utumbo uliposhikiliwa panapanuliwa, lakini haurudishwi kwa mpangilio wa kawaida: utumbo mdogo wote unawekwa kulia, mkubwa kushoto. Na kidole tumbo kawaida hutolewa hata kama ni kizima, juu kikibaki huko kushoto, siku kitauma daktari atakuwa anakitafuta kulia.