Shimo la nne, kati ya miembe miwili

Kisahani changu kiliishia juu ya mwembe. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, shimo la nne, mbele ya watoto wapatao ishirini na mzee mmoja aliyekuja na kigoda chake kutoka nyumbani. Mwalimu wa fizikia ni mimi, niliyewaambia wote kuwa mchezo huu ni wa akili ni mimi, na aliyerusha kwa nguvu zake zote ni mimi vilevile.

Kwa asiyeujua: gofu ya visahani inafuata taratibu za gofu ya kawaida, ila badala ya fimbo na kimpira una kisahani cha plastiki. Unasimama kwenye alama, unarushia kikapu cha chuma chenye minyororo, unakwenda kilipoangukia na kurusha tena kutoka hapo. Aliye mbali zaidi na kikapu ndiye anayetangulia. Mwenye mirusho michache anashinda. Njia nzima kutoka alama hadi kikapu tunaiita “shimo” ingawa hakuna kilichochimbwa, na watoto wamenibishia sana juu ya hilo.

Uwanja wetu una mashimo 9, kwenye kiwanja cha wazi cha mtaa hapa Tabora, chini ya miembe ya zamani. Serikali ya mtaa ilitukubalia kwa sharti moja: tusikate hata tawi. Sharti hilo ndilo lililouchora uwanja. Mashimo matatu ya mwanzo ni ya kupasha misuli tu. La nne lina mita 71, na katikati ya njia imesimama miembe miwili iliyoachana kiasi cha lori kupita. Kikapu kimejificha nyuma ya mwembe wa kushoto.

Sasa fizikia. Ukirusha kwa mkono wa kulia ukianzia kifuani, kama wengi wafanyavyo, kisahani kinazunguka kufuata mishale ya saa ukikitazama kutoka juu. Mwanzoni kinakwenda sawa, pengine kinainamia kulia kidogo. Mwendo ukipoa, kinakata kushoto. Kila mara. Anayeanza hudhani mkono wake ndio mbovu, anajipinda kukirekebisha, na mambo yanazidi kuharibika.

Chukua gurudumu la mbele la baiskeli, shika ekseli kwa mikono miwili, mtu alizungushe kwa nguvu, halafu jaribu kuliinamisha. Halikutii, linageukia upande ambao hukuutaka. Kisahani nacho ni hivyo hivyo. Kikipoa mwendo, hewa inakisukuma juu zaidi kwa mbele kuliko kwa nyuma, inataka kukiinua pua. Kisingekuwa kinazunguka, kingebinuka tu. Kwa kuwa kinazunguka, msukumo ule unajitokeza robo mzunguko baadaye, kwa hiyo kinachoinuka ni upande wa kulia badala ya pua. Kulia kukiinuka, kushoto kunalala, nacho kinakata kona. Wa mashoto ageuze maelezo yote haya.

Tabora ina la ziada. Tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 10. Hewa nyepesi haikibebi kisahani vizuri, na ile kona ya kushoto inakuja mapema na kwa ukali zaidi. Mimi nilijifunzia Dar, ufukweni. Visahani vyangu vya kasi nilivyovizoea kule, hapa vinaanguka kama sufuria. Ndiyo maana kile cha Jumamosi hakikufika hata kwenye pengo, kilikata kushoto na kuingia kwenye majani.

Kisahani kikikwama mtini, unaweka alama ardhini chini yake moja kwa moja na kuendelea kutoka hapo. Kuna sheria ya hiari inayokuongezea mrusho mmoja wa adhabu kikiwa zaidi ya mita 2 juu. Sisi tumeiacha. Kwa miembe hii, nani angemaliza?

Vikapu tulichomelea wenyewe. Juu rimu ya baiskeli, chini kikapu cha nondo nyembamba, ukingo wake sentimita 82 kutoka ardhini. Kwanza tuliweka minyororo ya baiskeli kwa kubana matumizi. Haikufaa: inakunjika upande mmoja tu, kisahani kinagonga na kurudi nje. Tukanunua ile ya kufungia mbwa, yenye pete, inayolegea pande zote. Minyororo si pambo. Mmarekani Ed Headrick aliposimamisha uwanja wa Oak Grove Park, California, mwaka 1975, shabaha zilikuwa nguzo tu, na watu walibishana kama kisahani kimegusa au hakikugusa. Akabuni kikapu cha minyororo, akakipatia hataza mwaka 1977. Kisahani kinapoteza nguvu, kinadondoka, na mlio wanausikia wote. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani.

Mashimo mengine nitayaeleza siku nyingine, isipokuwa la saba, linaloelekea mashariki. Kiangazi upepo unatujia usoni pale, na kisahani kilichoinuliwa pua kidogo tu kinapaa na kurudi ulikotoka. Rusha chini, usawa wa kiuno. Na mbuzi wakipita, subirini wapite.

Jioni ile nilirudi shimo la nne peke yangu na kisahani cha zamani cha mwendo wa polepole, ukingo umechakaa kwa kugonga miti. Vilivyochakaa hivyo huchelewa kukata. Nilikirusha nusu ya nguvu zangu, kikalenga mwembe wa kulia kana kwamba nimekosea, kikapita kwenye pengo, kisha kikajikunja chenyewe nyuma ya ule wa kushoto. Nilikikuta hatua tatu kutoka kikapuni.

Kile cha asubuhi bado kiko juu, cha bluu, nakiona kila nikisimama kwenye alama. Nilitaka kuazima ngazi. Mzee wa kigoda akanikataza.

“Mwalimu, ya nini kuvunjika mguu? Maembe yakiiva watoto watakwenda kuangua. Watakuletea.”

Ni Agosti. Nimemwambia sawa, mzee, tutasubiri.